Vijana wa Naivasha wafunzwe fimbo nyepesi, wapewe na mahali pa kusimama

Kwa Mhariri,

Juma lililopita msomaji mwenzangu alisema katika ukurasa huu kwamba uvuvi wa fimbo ni starehe ya watalii, na kwamba kijana wa Naivasha mwenye njaa hana haja nao. Niliisoma barua yake nikiwa kwenye cherehani. Niliondoa mguu kwenye kanyagio, nikaisoma tena. Mwandishi yule namheshimu, na uchungu wake kuhusu vijana wetu ni uchungu wangu pia. Ila kwa habari ya fimbo naona hakuitazama kwa karibu. Mimi ni mama wa miaka 56, nashona sare za shule na makoti ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na mwaka jana nilijifunza kuvua kwa fimbo nyepesi kabisa, ile inayorusha chambo cha gramu tatu. Naomba nafasi nieleze nilivyojifunza, kwa sababu ombi langu linatoka hapo.

Rili, yaani kile chombo cha kwenye fimbo kinachokunja na kutoa uzi, niliipata kwa mpwa wangu. Alifanya kazi Doha miaka sita, na huko wenzake walimzoesha kuvua baharini siku za Ijumaa. Aliporudi alifungua begi sebuleni kwangu, akatoa fimbo za bahari nene kweli kweli, na mwisho kabisa kijisanduku chenye rili ndogo inayoenea kiganjani. Uzi wake ulikuwa umejisokota ukawa donge. "Shangazi," akaniambia, "hii imenishinda. Kila nikirusha inatatana. Wewe unashinda na nyuzi, labda mtaelewana." Nilikaa nayo jioni nzima chini ya taa, nikifungua kitanzi baada ya kitanzi kwa sindano ya kufumia. Nilipomaliza nilikuwa nimeshaijua nusu.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Rili iliyozoeleka, ile inayoning'inia chini ya fimbo, hutoa uzi kama koni ya uzi kwenye cherehani ya ovaloki: koni imesimama tuli, uzi unapanda na kwenda zake. Mtoto wa miaka saba anaiweza siku hiyo hiyo. Hii nyingine hukaa juu ya fimbo, na uzi ukitoka gurudumu lake huzunguka, kama bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani, nami naliita hivyo hivyo. Kila fundi anajua yanayotokea bobini ikizunguka haraka kuliko uzi unavyovutwa. Uzi unalegea, unajikunja, unajipenyeza chini ya mizunguko mingine, na kazi imesimama. Katika kuvua ni hivyo hivyo. Ukirusha, chambo hutoka kwa kasi na kuivuta bobini izunguke. Kisha hewa inakizuia chambo, kinapunguza mwendo, lakini bobini haina habari, inaendelea na kasi yake ya mwanzo. Uzi unaozidi unakosa pa kwenda. Kabla hujapepesa jicho, tata imeshazaliwa.

Chambo kikiwa chepesi shida huzidi, maana gramu tatu hazina nguvu ya kuiamsha bobini nzito. Ndiyo sababu Wajapani, walioiendeleza aina hii ya rili kwa ajili ya chambo vidogo, waliipa bobini ya kina kifupi, ya alumini nyembamba iliyotobolewa matundu. Yangu nilimpelekea sonara jirani akaiweka kwenye mizani yake: gramu nane bila uzi. Inabeba mita 40 hivi za uzi mwembamba, na zaidi ya hapo hazihitajiki. Mimi nilikosea hapo. Duka moja jijini liliniuzia nailoni nene ya baharini, wakaijaza bobini mpaka ukingoni, wakaniapia kwamba ndiyo yenyewe. Siku tatu nzima uzi ulitatana mikononi mwangu nikidhani mkono umezeeka. Niliutoa wote, nikaweka uzi wa kusuka unaohimili kilo nne hivi, na mbele yake nikaunga mita moja ya nailoni angavu ya kilo mbili, ili nikinasa kwenye mzizi ikatike hiyo na si uzi wote. Rili ikawa kitu kingine kabisa.

Pembeni mwa rili kuna kitufe cha kusogeza sumaku. Hili lilinisumbua akili, kwa sababu sumaku haishiki alumini. Ukizigusanisha hakuna kinachotokea. Mpwa wangu akanieleza, nami nikathibitisha kwa kuizungusha bobini kwa kidole. Alumini inapozunguka karibu na sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani yake na kuupinga mzunguko, na kasi ikizidi upinzani nao huzidi. Ni breki isiyogusa kitu. Upande wa pili kuna skrubu ya kubana ekseli. Hiyo naipima kama tensheni ya uzi wa juu: naning'iniza chambo, naiachia bobini, nalegeza skrubu kidogo kidogo mpaka chambo kishuke polepole na bobini isimame pindi kinapogusa ardhi. Anayeanza aiweke sumaku karibu na mwisho wa nguvu yake, halafu aipunguze kadiri mkono unavyokomaa. Lakini sumaku na skrubu ni wasaidizi tu. Mwenye kazi ni gumba.

Nilianzia uwanja wa shule, Jumamosi alasiri, pasipo maji wala ndoana. Kwa kuwa sikutaka kupoteza chambo cha kununua, nilifunga kifungo cha koti, kile kipana cha shaba. Uzi ukatatana. Nikarusha tena, ukatatana tena. Nikaondoa kifungo nikafunga nati ndogo ya cherehani, na sonara alikuwa ameshaniambia kwamba vyote viwili vina gramu tatu na kitu. Nati ikaruka vizuri. Nilisimama pale uwanjani nikiwa na kifungo mkono mmoja na nati mkono mwingine mpaka nikaelewa: kifungo ni bapa, kinapigwa na upepo, kinaishiwa mwendo mapema wakati bobini bado ina mbio. Uzito ni ule ule, umbo ndilo lililoniponza. Tangu siku hiyo, nikiona chambo cha mabawa au manyoya mengi naongeza sumaku kabla sijajaribu, na upepo ukinijia usoni naiongeza zaidi.

Gumba lenyewe hukaa juu ya uzi bila kukandamiza. Mwenye kushona hariri ataelewa: ukiibana kitambaa kinakunjamana, ukiiachia inateleza nje ya mshono. Mwanzo wa mrusho unaliinua gumba kabisa. Katikati unaugusa uzi kama unayehakikisha tu kwamba bado upo. Nati inapokaribia nyasi unaifunga bobini, na lazima uifunge kabla haijatua, si baada. Kuna dalili moja ambayo hakuna aliyeniambia, niliigundua mwenyewe juma la pili. Kabla uzi haujatatana, mzunguko mmoja wa juu hulegea na kuinuka, ukaipapasa ngozi ya gumba kama unywele. Ukiuhisi unywele ule ukabonyeza kidogo, umeuokoa mrusho. Ukingoja uone kwa macho, umechelewa.

Siku ya kwanza nati ilifika hatua nne. Baada ya majuma matatu ilifika hatua 18, na nikaacha kuhesabu umbali, nikaweka beseni la kufulia kwenye nyasi nikawa nalenga. Hapo ndipo watoto walipoanza kukusanyika. Nikawapa zamu. Msichana mmoja wa darasa la saba alinipita baada ya Jumamosi mbili tu. Alikuwa akihesabu kwa sauti, "moja, mbili, bana," na akisema bana nati ilikuwa ndani ya beseni. Sijui niseme nini kuhusu mlio wa ile nati kwenye bati, ila kila mmoja wetu pale alikuwa anautaka.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba rili za namna hii, zenye bobini inayozunguka na meno ya kuongeza kasi, huhesabiwa kuanzia kwa fundi wa saa, George Snyder wa Kentucky huko Marekani, aliyezitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi waliomfuata kazi hiyo pale Kentucky walikuwa mafundi wa saa na masonara. Walizitumia kumvua samaki wa kwao, bas. Na bas huyo huyo, wa kijani mwenye mdomo mpana, aliletwa katika ziwa letu mwaka 1929 akafanya makao. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba chombo hiki ni kigeni kwa Naivasha. Samaki wenyewe tunaokula ni wageni: tilapia waliletwa, na wale kreifishi wekundu, jamii ya kamba wa maji baridi wenye makucha, waliletwa mwaka 1970. Bas anawapenda kreifishi kuliko kitu chochote, na mimi nikalitumia hilo. Vipande vya nyuzi za rangi ya damu ya mzee, vile vinavyobaki nikishona sweta za shule, navifunga kwenye ndoana ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi, naacha ncha mbili zining'inie kama makucha. Hicho ndicho chambo changu. Kikiwa majini nyuzi zinafumuka na kupumua.

Kabla ya kwenda ziwani nilikata leseni katika ofisi ya uvuvi, na niliuliza ni ufuo upi wa umma ninaoruhusiwa kusimama. Nilikwenda alfajiri kukipambazuka, kwa maana wakazi wote tunajua upepo wa Naivasha unavyoamka mchana. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu zake aliitazama fimbo yangu akaniambia, "Mama, huo uzi wa cherehani utamshika samaki gani?" Nilimjibu kwamba sijui, baba, ndio nimekuja kuuliza. Akanionyesha mahali pa kusimama, juu ya mashua kuukuu iliyovutwa nchi kavu, na mwenyewe akahama na nyavu zake akaketi karibu akilinda mgongo wangu. Viboko hawana saa.

Mbele yetu kulikuwa na mafunjo, na katikati ya mafunjo uwazi wa maji upana wa mlango. Bas hukaa ukingoni mwa uwazi kama huo, kivulini, akingoja kinachopita. Mita 15 hivi. Nilirusha mara ya kwanza nikapita, chambo kikashika mafunjo, nailoni ikakatika. Mara ya pili kikatua mapema. Mara ya tatu nilikibana hewani, kikadondoka kwenye mlango ule bila kishindo. Nikakiacha kizame, nikakivuta kidogo, nikakiacha tena. Uzi ukasogea kando. Haukushtuka wala kuvutwa kwa nguvu, ulisogea tu, kama mtu anavyosogeza pazia. Nikainua fimbo, na fimbo ikainama mpaka kwenye mkono.

Samaki wa nusu kilo au zaidi kidogo kwenye nailoni ya kilo mbili si wa kuvuta kwa nguvu. Rili ina gurudumu la nyota la kuamua uzi uanze kuteleza kwa mvuto gani, nami nilikuwa nimelilegeza nyumbani, nikivuta kwa mkono mpaka uzi uteleze muda mrefu kabla ya kukatika. Alipokimbia nilimwacha akimbie. Alipochoka nilimrudisha. Mara mbili alielekea kwenye mizizi ya mafunjo na mara mbili niliigusa bobini kwa gumba, polepole, akageuka. Nilipomtoa mzee alisimama akaja kumwona, akamshika kwa taya ya chini, akasema neno moja tu: "Haya." Nilimla jioni na mpwa wangu na watoto wa jirani. Ziko asubuhi nyingine nyingi nilizorudi mikono mitupu, na sitaki kumdanganya msomaji. Tilapia ndio wanaonipa mboga ya uhakika zaidi, kwa ndoana ndogo na nyungunyungu. Jioni njema nawapata watatu au wanne, na wadogo nawarudisha.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu aliyeandika juma lililopita, na kwa ile njaa aliyoitaja. Nina jirani ambaye mwanawe ana miaka 19. Hana mashua wala pesa ya kuajiriwa kwenye mashua ya mtu, kwa hiyo alikuwa akiingia majini kwa miguu, usiku, maji yakimfika kiunoni, akiburuta wavu wa matundu madogo pembeni mwa mafunjo. Anakwenda pale pale ninaporushia chambo, kwa sababu samaki wako pale. Usiku mmoja kiboko alimkuta. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini mguu wa kushoto haukunyooka tena, na suruali zake nazishona mimi, upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Kila nikipima urefu ule nasikia uchungu mpya. Vijana wanaovua hivyo ni wengi, na sote tunawajua. Tunawafukuza, tunawakamata, tunachoma nyavu zao, kisha wanarudi, maana njaa haikuchomwa pamoja na nyavu.

Kwa ajili ya vijana hao naililia fimbo hii, na siombei mtalii. Simwambii mvuvi wa mashua mwenye leseni aache nyavu zake. Namsema kijana ambaye leo anaingia majini ili kuufikia ukingo wa mafunjo. Fimbo nyepesi inaufikia ukingo ule bila yeye kulowa unyayo. Na ninasisitiza hii ya bobini, ijapokuwa ni ngumu kuijua kuliko ile ya koni, kwa sababu gumba linakiweka chambo kidogo mahali penyewe hasa: si mita moja ndani ya mafunjo, si mita mbili nyuma. Aliye na ya koni aanze na ya koni, sina neno. Mwenye subira ya Jumamosi nne afunzwe hii.

Lakini afunzwe asimame wapi? Sehemu kubwa ya ufuo wetu iko nyuma ya seng'enge, na fuo chache za umma zimejaa mashua, wanunuzi, punda na viboko wanaopanda kula nyasi. Mashua kuukuu niliyosimamia mimi haiwezi kubeba watoto. Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, pamoja na kamati zinazosimamia fuo na ofisi ya uvuvi, itenge mahali pamoja, hata pamoja tu kwa kuanzia, kwenye ufuo wa umma, na kujenga gati la mbao lenye vizuizi pande zote, linalotoka ukingoni na kuyafikia maji yaliyo mbele ya mafunjo. Liwe la kuelea juu ya mapipa, si la nguzo. Tuliona mwaka 2020 maji yalivyopanda yakaingia nyumba za mtaa wa Kihoto. Gati la nguzo lingekuwa chini ya maji siku hizo. Mlango wake ufungwe jua likizama, na awepo mtu mzima wa kulinda, maana wazee kama yule aliyenilinda wapo na wanalijua ziwa. Fimbo tano au sita zikiwekwa hapo chini ya kamati zitatosha kundi la vijana kupokezana.

Na liwekwe pipa la uzi chakavu, nawasihi. Tata ikishindikana mtu huikata na kuitupa, na nailoni haiozi. Nimemwona mnandi amefungwa bawa na mguu kwa uzi wa mtu, akipigapiga kwenye matope. Mzee yule alimshika kichwa chini ya shati lake nami nikakata nyuzi kwa mkasi wangu mdogo wa kushonea, kimoja kimoja, mpaka akawa huru. Vipande vyangu vyote narudi navyo nyumbani kwenye mkebe wa kahawa.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Msimpeleke mtoto ziwani kwanza. Mpelekeni uwanjani, ndoana ibaki nyumbani, afunge nati, aweke beseni hatua kumi mbele. Akishaweza kulipata beseni mara tano katika mirusho kumi, ndipo aulize habari za samaki. Majini atakuwa na mengi ya kuangalia, mafunjo, upepo, mgongo wa kiboko unaofanana na jiwe, na gumba linapaswa liwe limeshajua kazi yake bila kuangaliwa.

Kwa wale walio hapa mjini, mimi nipo uwanja wa shule ulio nyuma ya soko kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi jua likishuka. Rili ni moja, kwa hiyo tunapokezana, na nati ninazo za kutosha. Yule kijana wa jirani huja pia. Anaketi kwenye kiti kwa sababu ya mguu, na Jumamosi iliyopita alilipata beseni mara saba.

Fundi wa nguo,
Naivasha